Hofu ya Laini Kusimama: kinachowasukuma watengenezaji wa magari kwenye viwanda janja

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wanafunzi, nanyi mafundi mlioacha gereji zenu mchana huu mkaja kunisikiliza, asanteni kwa mwaliko. Nimepewa nusu saa na mada ndefu, kwa hiyo salamu zitosheke hapo.

Swali nililoletewa linauliza ni nini kinachowafanya watengenezaji wakubwa wa magari watumie mabilioni kugeuza viwanda vyao kuwa viwanda janja. Najua picha inayowajia wengi kichwani: ukumbi mweupe, mikono ya chuma inarusha cheche, mtu haonekani. Tuiweke kando picha hiyo mapema, kwa sababu roboti ni mzee sana katika biashara hii. Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, iliajiriwa, tuseme hivyo, mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors kule New Jersey. Kazi yake ilikuwa kuchomoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kusubu, kazi iliyokuwa inaunguza watu. Mikono, basi, wanayo kwa zaidi ya miaka sitini. Wanachonunua leo ni kumbukumbu: kiwanda kijue, kwa kila gari na kila dakika, nini kimefungwa, nani au mashine gani imekifunga, na kitu gani kinakaribia kuharibika. Na wanapotoa fedha hizo, mimi naona wanasukumwa na hofu zaidi kuliko tamaa ya faida.

Ukimuuliza mtu yeyote atakujibu kwamba wanakimbia mishahara. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2023 chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, kiligoma wiki sita hivi dhidi ya General Motors, Ford na Stellantis kwa pamoja, na kikaondoka na nyongeza ya asilimia 25 itakayolipwa kidogo kidogo katika muda wa mkataba. Mwenye kiwanda akiona hivyo hufungua kikokotoo. Lakini kama mshahara ndio ungekuwa kiini cha jambo, dawa yake inajulikana tangu zamani: hamia kwenye mshahara mdogo. Wamarekani walihamia Mexico, Renault ilifungua kiwanda kikubwa Tangier, Morocco, mwaka 2012. Halafu tazameni China. Mfanyakazi wa China analipwa kidogo kuliko Mjerumani, na bado mwaka 2023 zaidi ya nusu ya roboti zote mpya za viwandani duniani zilifungwa China. Kwa hiyo tuulize vizuri zaidi.

Nataka nikae kidogo kwenye hofu ya kwanza, maana ndiyo kubwa na ndiyo ambayo mtu asiyewahi kusimama ndani ya kiwanda huikosa.

Katika kiwanda cha BMW cha mjini Regensburg, Ujerumani, gari jipya hutoka mwisho wa laini, yaani mstari wa kuunganishia magari, kila sekunde 57. Laini ikisimama dakika kumi, magari kumi hayapo. Ukitaka kuyafidia utalipa watu wakae Jumamosi. Wakati huohuo kiwanda cha namna hii hakina ghala la maana. Viti havikai stoo vikisubiri; vinaletwa na lori vikiwa vimepangwa kwa mfuatano wa magari yatakayopita siku hiyohiyo, cha rangi hii kwanza, cha rangi ile baadaye. Laini ikikwama, lori linakwama getini, na aliyetengeneza viti anakwama kwake kilomita arobaini mbali. Kila mmoja amebana gharama kwa kuamini kwamba mwenzake hatasimama.

Sasa Regensburg walifanya nini? Magari yanayounganishwa husafiri juu ya vibebeo vinavyokwenda kwenye reli, na kibebeo kimoja kibovu kinatosha kuzuia laini nzima. Mfumo wa kuendesha vibebeo hivyo tayari ulikuwa unarekodi mambo mengi ambayo hakuna aliyeyaangalia: umeme unaotumika, namna kinavyosogea, kama msimbo uliobandikwa juu yake unasomeka. Wakachukua data hiyo, bila kufunga kihisi (sensor) kipya hata kimoja, wakaifundisha kompyuta kutambua dalili. Kibebeo kikianza kula umeme kuliko kawaida yake, chumba cha udhibiti kinapata taarifa, kibebeo kinatolewa pembeni na kutengenezwa huku laini ikiendelea. Kwa maelezo yao wenyewe, wanaokoa wastani wa dakika 500 za kusimama kwa mwaka.

Dakika 500! Hizo ni saa nane na ushee katika mwaka mzima. Najua mafundi mnacheka. Kuna gereji ambako umeme ukikatika asubuhi moja mnapoteza hizo zote. Lakini gawanyeni kwa sekunde 57 mtapata magari zaidi ya 500 ambayo vinginevyo yasingetoka. Zidisheni kwa bei ya BMW moja. Hapo utaelewa kwa nini mhasibu, ambaye hajawahi kushika spana, ndiye anayesukuma mradi kama huu kwa nguvu kuliko mhandisi.

Niseme jambo moja juu ya Toyota kabla sijaendelea, kwa sababu wanafunzi hupenda kunibishia hapa. Ni kweli kwamba Toyota huwaruhusu wafanyakazi kusimamisha laini wenyewe wakiona kasoro. Chanzo chake ni cha kabla ya magari: Sakichi Toyoda alibuni mashine ya kufuma nguo iliyojisimamisha yenyewe uzi ukikatika, na toleo lake maarufu la 1924 lilimwezesha mtu mmoja kusimamia mashine nyingi, kwa kuwa hakuhitaji tena kukodolea macho kila uzi. Hiyo haipingani na ninachosema. Kusimama kwa dakika moja kwa sababu inayojulikana ni gharama ndogo. Kinachowatisha ni kusimama bila kujua kwa nini, au kibaya zaidi, kutosimama huku kasoro inapita.

Na kasoro inayopita ndiyo hofu ya pili. Wengi wenu mnaikumbuka habari ya Takata. Ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko ya hewa, ile inayofumuka kutoka kwenye usukani gari likigonga. Ili mfuko ufumuke haraka unahitaji mlipuko mdogo, na Takata ilitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huchakaa. Ikichakaa, mlipuko unakuwa mkali kupita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka, na vipande vyake vinamrukia dereva ambaye kifaa kiliwekwa kumwokoa. Watu walikufa. Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa irudishwe, duniani kote takriban milioni 100, kutoka kwa kampuni za magari zaidi ya kumi. Takata ilifilisika Juni 2017.

Sasa sikilizeni sehemu inayohusu mada yetu. Mwanzoni tatizo lilipoanza kuonekana, ilibainika kwamba katika baadhi ya kazi zake Takata haikutunza kumbukumbu za ubora ipasavyo. Haikuweza kusema kwa uhakika ni vikopo vipi vilivyotoka kwenye mashine yenye hitilafu na viliishia kwenye magari gani. Usipojua gari gani ni bovu, unaita yote. Ukijua, unaita elfu tatu badala ya milioni tatu. Hiyo tofauti ndiyo bajeti ya kiwanda janja. Kila mkurugenzi wa kampuni ya magari aliyekuwa kazini miaka ile aliona jinsi kumbukumbu mbovu za mtu mwingine, tena muuza vipuri tu, zilivyoweza kumfikisha yeye mbele ya wabunge.

Kwa hiyo leo katika laini kubwa, bunduki ya kukazia nati haikazi tu. Inapima nguvu iliyotumika na pembe iliyozunguka, inaandika saa na kituo, na inafunga taarifa hiyo kwenye namba ya chesisi. Nati ya usukani ikikazwa pungufu, gari haliruhusiwi kuondoka kituoni. Kamera inatazama ukanda wa gundi kwenye kioo na kuhifadhi picha. Gari linazaliwa na kadi yake ya kliniki: chanjo gani, lini, kwa mkono wa nani. Miaka kumi baadaye likitokea tatizo, unafungua kadi.

Na hili si la Wajapani na Wamarekani peke yao. Gari lililotengenezwa Japani mwaka 2006 leo linabeba familia Tabata au Likoni, katika joto na unyevu uleule wa pwani ambao kemikali ya Takata haiupendi. Namba ya chesisi ndiyo inayoweza kueleza kama gari hilo limo kwenye orodha. Nyumba ngapi za kuuza magari yaliyotumika hapa mjini humwambia mteja aichunguze kabla hajalipa? Ninauliza tu.

Serikali nazo zimeongeza shinikizo. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kila betri ya gari la umeme inayoingia sokoni huko kuanzia Februari 2027 iwe na pasipoti ya kidijitali yenye taarifa zake, kuanzia muundo wake mpaka athari zake kwa hali ya hewa. Huwezi kujaza pasipoti hiyo kwa kukumbuka. Lazima mashine zako ziwe zilikuwa zinaandika tangu mwanzo.

Hofu nyingine inatoka kwa mteja mwenyewe. Henry Ford, katika miaka ya gari lake la Model T, aliweza kuifanya laini yake ya 1913 ipunguze muda wa kuunganisha chesisi kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi dakika 93 kwa sababu magari yote yalifanana. Mnunuzi wa Mercedes S-Class wa leo anachagua ngozi ya viti, mbao za dashibodi, taa, spika, hata vifuniko vya pua za matairi. Gari mbili zinazofuatana kwenye laini huenda zisifanane kwa lolote zaidi ya umbo. Na hapo roboti zikashindwa. Mwaka 2016 Mercedes walitangaza kwamba katika kiwanda chao cha Sindelfingen wanaziondoa baadhi ya roboti kubwa na kurudisha watu, kwa sababu kumwelekeza mtu upya ni rahisi kuliko kuiprogramu roboti upya kwa kila chaguo. Naipenda sana habari hii. Inaonyesha kwamba ujanja wa kiwanda na wingi wa roboti ni mambo mawili tofauti.

Miaka minne baadaye, Septemba 2020, palepale Sindelfingen walifungua jengo walilolipa jina la Factory 56, kwa gharama ya takriban euro milioni 730. Humo hawatumii karatasi. Mtandao wa simu wa 5G umewekwa kwa ajili ya jengo hilo, na gari likifika kituoni skrini inamwonyesha mfanyakazi hili linataka nini. S-Class ya petroli na EQS ya umeme zinapita kwenye laini moja. Hilo la mwisho ndilo wanalolilipia hasa, kwa maoni yangu. Hakuna mtengenezaji wa Ulaya anayeweza kukuambia leo kwa uhakika kwamba miaka mitano ijayo atauza magari mangapi ya umeme na mangapi ya petroli. Ukijenga kiwanda cha aina moja na ukakosea, umezika fedha. Hyundai walikwenda mbali zaidi: kituo chao cha Singapore, kilichofunguliwa Novemba 2023, kimeachana na laini ndefu na kinaunganisha magari kwenye vyumba vidogo vidogo, huku magari yasiyo na dereva yakipeleka vipuri. Uwezo wake ni magari 30,000 kwa mwaka, ambayo kwa Hyundai ni tone. Ni mahali pa kujifunzia.

Upungufu wa watu nitaupitia haraka, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu ninyi hamuujui hata kwa ndoto. Korea Kusini ndiyo nchi yenye roboti nyingi kuliko zote ukilinganisha na wafanyakazi: mwaka 2023 ilihesabiwa kuwa na 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, wakati wastani wa dunia ulikuwa 162. Mwaka huohuo mwanamke wa Korea alitarajiwa kuzaa watoto 0.72 katika maisha yake. Soma tarakimu hizo mbili pamoja. Fundi mzee wa rangi ambaye kwa kusikiliza tu mlio wa pampu anajua inaelekea kufa, anastaafu, na nyuma yake hakuna kijana. Wanajaribu kuhamishia masikio yake kwenye kompyuta kabla hajaondoka.

Kisha kuna China, na hapa hofu haifichwi tena. Mwaka 2023 China iliipita Japani kwa magari yanayouzwa nje. Xiaomi, ambao wengi humu mna simu zao mfukoni, walizindua gari lao la kwanza Machi 2024, na wanasema kiwanda chao cha Beijing kinaweza kutoa gari moja kila sekunde 76. Kampuni ya simu! Mjerumani aliyezoea kuchukua miaka mingi kutoka mchoro hadi gari anaona mtu anayefanya hivyo kwa muda mfupi zaidi, na anatafuta pa kukata. Ndiyo maana BMW walijenga kiwanda chao cha Debrecen, Hungary, kwanza ndani ya kompyuta: Machi 2023 walizindua uzalishaji wa kidijitali humo, wakapitisha magari ya kufikirika kwenye laini ya kufikirika, wakaona wapi roboti zitagongana, wakasahihisha, magari ya kweli ya kuuzwa yakafuata mwaka 2025. Kosa la kwenye skrini hulihitaji kulivunja kwa nyundo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila aliyenunua alinunua kwa busara. Hapana. Miaka ya 1980 General Motors, chini ya mkuu wake Roger Smith, ilimwaga mabilioni kwa mabilioni kwenye roboti, na kiwanda chake cha Hamtramck kikawa kichekesho: yalisimuliwa mambo ya roboti kupaka rangi roboti wenzao. Wakati huohuo, mjini Fremont, California, Toyota na GM hiyohiyo waliendesha kuanzia 1984 kiwanda cha ubia kwa wafanyakazi walewale wa zamani waliosemekana hawafai, bila miujiza ya roboti, na magari yakatoka mazuri. Jengo hilo la Fremont baadaye lilinunuliwa na Tesla, na mwaka 2018 Tesla wakarudia kosa ndani ya kuta zilezile. Walijaza mitambo ya kusafirisha vipuri na roboti za kazi ambazo mkono wa mtu unazifanya bila kufikiri, magari ya Model 3 yakakwama, mkuu wao Elon Musk akakiri hadharani kwamba automesheni, yaani kuiachia mashine kazi, ilizidi na kwamba watu wanathaminiwa chini ya uwezo wao. Waliongeza laini ndani ya hema kubwa kwenye uwanja wa kiwanda. Hema, ndugu zangu.

Wapo pia wanaonunua ili waonekane. Mkurugenzi anayekutana na wenye hisa anataka slaidi yenye maneno ya mwaka huo. Tangu Wajerumani walipolitangaza jina la Industrie 4.0, yaani mapinduzi ya nne ya viwanda, kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, slaidi hizo hazijawahi kukosekana.

Na dawa ya hofu imezaa hofu yake. Kiwanda kinachotegemea kumbukumbu kikipoteza kumbukumbu, kinasimama chote. Mwishoni mwa Februari 2022 wadukuzi walimwingilia muuzaji mmoja wa vipuri wa Toyota, na Machi mosi viwanda vyote 14 vya Toyota nchini Japani vikasimama siku nzima. Takriban magari 13,000 hayakutengenezwa. Agosti 2023 vilisimama tena vyote 14, safari hii bila mdukuzi yeyote: wakati wa matengenezo ya mfumo wa kuagiza vipuri, nafasi kwenye diski za seva iliisha. Kisha Jaguar Land Rover, Uingereza, walishambuliwa mwishoni mwa Agosti 2025, na uzalishaji ukakaa takriban wiki tano bila kufanya kazi. Hasara kwa uchumi wa Uingereza ilikadiriwa kufikia pauni bilioni 1.9, na watengenezaji wadogo wa vipuri wanaoitegemea Jaguar nao waliumia. Rudini kwenye zile dakika 500 za Regensburg mziweke kando ya wiki tano. Hesabu ya kiwanda janja inapaswa kuandikwa na pande zote mbili, na katika mikutano mingi naona inaandikwa upande mmoja.

Mtaniuliza sisi tuko wapi. Isuzu wanaunganisha magari Nairobi, kampuni ya AVA iko Mombasa, ya KVM iko Thika ambako mabasi ya umeme yameanza kutoka, Kiira Motors wako Jinja, Volkswagen waliingia Kigali 2018, na hapa kwetu Tanzania kampuni ya GFA inaunganisha malori Kibaha. Sehemu kubwa ya kazi ni kupokea makasha yenye vipande kutoka nje na kuvifunga kwa mikono. Mikono tunayo, na ni ya vijana. Laini zetu haziendi kwa sekunde 57, kwa hiyo hofu ya dakika kumi haituhusu, na atakayekuja kukuuzia ukumbi wa roboti kwa kiwanda cha mabasi kumi kwa mwezi anakuuzia slaidi yake.

Hofu ile ya pili, ya kasoro inayopita, ndiyo inayotuhusu. Basi la umeme lenye abiria sitini likipata hitilafu ya breki Morogoro, mtengenezaji wa hapa aweze kusema ni mabasi mangapi yalifungwa bolti za kundi lile, na yako njia gani. Kwa hilo unahitaji spana za kukazia zinazorekodi nguvu, kisomeo cha misimbo kwenye kila sehemu inayoshika uhai wa mtu, kompyuta moja yenye nakala ya ziada inayowekwa jengo jingine, umeme wa akiba wa kuishikilia, na kijana mmoja anayejua PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, na pia anajua kwa nini mfumo wa mashine hauunganishwi ovyo na intaneti ya ofisini. Ningeanza hapo, na bajeti ya roboti ningeirudisha hazina.

Naona mikono imeshainuka huko nyuma. Tuanze na dada wa pili kutoka dirishani.